Tarehe Mosi Kwenye Kadi ya Mkwe Wangu

Mjukuu wangu wa pili alizaliwa Jumanne, tarehe 25 Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika hospitali mojawapo ya mjini Sumbawanga. Alizaliwa kwa operesheni iliyopangwa. Nalisisitiza neno hilo, kwa sababu watu wakisikia mtoto amezaliwa kabla ya wakati wake hudhani mama yake alianguka, au alibeba mzigo mzito, au alishikwa na homa kali. Hayo hayakutokea. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, mzima wa afya, bila uchungu wowote, akiwa na tumbo ambalo lilikuwa halijamaliza kazi yake. Mtoto alitolewa kwa sababu kadi ya kliniki ilisema muda umetimia. Na kadi ilisema hivyo kwa sababu mtu mmoja, asubuhi moja ya baridi, aliona uvivu kuuliza swali moja zaidi.

Miaka kadhaa imepita tangu siku hiyo na hasira yangu haijapoa. Siombi radhi kwa hilo. Nimeamua tu kuiandika kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, ili na mimi nisionekane mtu wa kubahatisha.

Lazima nianzie mbali kidogo. Mume wangu alifariki tarehe 14 Agosti, nikiwa sijui kusoma hata jina langu. Baada ya mazishi niliitwa ofisini kukamilisha karatasi zake. Karani aliniuliza nilizaliwa lini. Nikamjibu kwamba mama yangu alikuwa akinisimulia kuwa nilizaliwa wakati wa kuvuna ulezi, mwaka ambao nzige walipita. Karani hakuinua uso. Akaandika tarehe 1 Julai. Nyuma yangu walikuwapo wanawake wengine wawili, mmoja wa kutoka upande wa Mpui na mwingine simjui, nao walipoulizwa swali hilohilo wakazaliwa tarehe 1 Julai. Tulitoka pale watatu, pacha wa karani. Wenzangu walicheka njiani. Mimi sikucheka. Nilijiona kama ng'ombe aliyepigwa chapa ya mtu mwingine.

Januari iliyofuata nilijiandikisha darasa la watu wazima, nikiwa na umri ambao wanawake wenzangu walikuwa wakisubiri wajukuu. Nilisoma mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika chumba kilichojaa watoto walioniamkia shikamoo kabla ya kuketi. Nilifaulu Kiswahili, Historia na Baiolojia. Hesabu ilinishinda, lakini si hesabu ya siku. Tangu wakati huo kalenda ya kanisa haikosi kwenye ukuta wa sebule yangu, na penseli imefungwa kwa uzi kwenye msumari. Naandika siku ya mvua ya kwanza, siku tuliyopanda ulezi, siku ng'ombe alipozaa, siku mgeni alipokuja na siku alipoondoka. Sitaandikiwa tena tarehe mosi na mtu yeyote. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Sasa mambo yenyewe. Mwaka huo, Jumatatu tarehe 10 Januari, mwanangu aliteremka bondeni, upande wa Kaoze, kulima mpunga na rafiki yake. Aliiacha nyumba ikiwa na watu watatu: mimi, mke wake, na binti yao mdogo ambaye alikuwa amezaliwa kwa operesheni ya dharura, baada ya mama yake kuhangaika na uchungu siku mbili. Alirudi tarehe 2 Machi. Siku hiyo haiwezi kunichanganya, maana mwaka huo ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilikuwa natoka misani, nikamkuta amesimama mlangoni, mweusi kwa jua la bondeni, begi begani.

"Shikamoo mama. Mbona umejipaka masizi usoni? Mmeunguliwa na nyumba?"

"Marahaba. Huko bondeni mmesahau hata Kwaresima."

Mke wake alikuwa jikoni. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akapokea begi bila kusema neno, kwa sababu mimi nilikuwapo, lakini aliingia nalo ndani kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao tangu Januari. Nikachukua penseli nikaandika kwenye kalenda: Amerudi.

Katikati ya Juni ilikuwa wazi kwamba kuna mimba. Jumanne tarehe 14 nilimsindikiza kliniki. Mume wake alikuwa tayari kumpeleka; ni mimi niliyemwambia abaki na mavuno. Nilitaka kwenda mwenyewe. Nilitaka kuishika ile kadi mkononi na kuisoma mbele ya wauguzi, waone kwamba mjane wa kijijini naye anasoma. Naliandika hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Asubuhi hiyo upepo wa uwanda wetu ulikuwa ukipenya hata kwenye makoti. Muuguzi alikuwa amejifunga shuka juu ya sare yake, anaandika kwa vidole vilivyokakamaa. Mkwe wangu aliketi mbele yake, nami nikaketi pembeni, magoti yetu yakigusana.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Mkwe wangu aliangalia sakafu. Kwetu, kwa jinsi nilivyolelewa mimi na yeye pia, mke wa mwana hatamki mambo ya mwezi mbele ya mama wa mume wake. Hata kitambaa chake cha kujisitiri hukianika mahali ambapo jicho langu halifiki. Mimi nami, kwa adabu hiyohiyo, niligeuza uso nikasoma tangazo la chanjo ukutani. Niligeuza uso, lakini sikuinuka kutoka kwenye kiti.

"Mwezi wa pili," alisema kwa sauti ya chini sana.

Muuguzi hakuuliza tarehe ngapi. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Tulipotoka nje niliifungua kadi na kusoma, na palikuwa pameandikwa 1/2, tarehe mosi Februari, kwa mwandiko wa haraka. Niliiona ile moja. Niliiona, msomaji, na sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nikifurahia kwamba naweza kuisoma.

Jumanne tarehe 20 Septemba ndipo tulipoambiwa kwamba, kwa kuwa mtoto wa kwanza alitoka kwa kisu, na huyu atatoka hivyohivyo, na siku yake ni tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilifurahi kwa muda wa kutembea kutoka kliniki hadi nyumbani. Nilipofika niliishusha kalenda nikaanza kuhesabu kama nilivyofundishwa kwenye Baiolojia: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha wiki kama mbili, ndipo mimba huingia. Kwa tarehe ya kadi, mimba ilikuwa imeingia karibu na tarehe 15 Februari. Nikatazama Februari. Ilikuwa nyeupe kabisa. Mwanangu alikuwa Kaoze, magoti yake kwenye tope la mpunga.

Nakiri kwamba kwa muda wa dakika kama tano nilimwaza mkwe wangu vibaya. Nilimtazama kupitia dirishani akimpepetea kuku ulezi uliochanganyika na mchanga, nikamwaza vibaya. Kisha jicho langu likarudi kwenye ile moja, na nikamkumbuka karani. Ulikuwa mkono uleule. Mtu asiyejulikana tarehe yake hupewa tarehe mosi. Mtoto huyu alikuwa bado yuko tumboni, na tayari alikuwa ameandikiwa uongo ambao mimi niliandikiwa uzeeni. Ila uongo wangu haukuwa na kisu mwisho wake.

Jumanne tarehe 11 Oktoba nilikwenda naye kliniki nikiwa nimeikunja kalenda na kuitia mfukoni mwa koti. Muuguzi alikuwa yuleyule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nesi, tarehe hii si sahihi."

"Ipi?"

"Hii ya kwanza. Mwanangu hakuwapo nyumbani tangu tarehe kumi Januari mpaka tarehe mbili Machi. Nimeandika. Mimba hii haiwezi kuanza mnavyosema."

Aliiweka kalamu mezani. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje walikaa wanawake wasiopungua kumi na wawili. Aliwatazama wao kwanza, kisha mimi.

"Bibi, hayo ni mashtaka ya kupeleka kwa baba paroko. Hapa tunapima mimba, hatutafuti mwenye nayo."

Benchi zima likacheka. Mwanamke mmoja mnene, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Makubwa. Mama mkwe kaja na kalenda kumfumania mkwe wake."

"Na penseli pia anayo," mwingine akadakia. "Muulizeni, kaiweka wapi?"

"Simaanishi hivyo," nilisema. "Nasema mtoto atatolewa kabla hajakomaa."

"Sisi tunafuata kadi, bibi," muuguzi alisema, sasa akiwa anacheka na yeye. "Kadi ndiyo kila kitu. Mpishe mwenzako aingie."

Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa anatazama miguu yake, na shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. Nilielewa kwamba kila neno nitakaloliongeza kuhusu tarehe za mwanangu litamwangukia yeye, na kwamba kabla hatujafika nyumbani habari itakuwa imetutangulia. Nikaikunja kalenda. Nilimwambia muuguzi asante. Niliwapita wale wanawake nikiwa nimenyoosha mgongo kama mtu anayetoka kupokea Komunyo.

Ningeweza kwenda kwa mganga mkuu wa kituo siku ile. Ningeweza kurudi kesho yake mwenyewe, bila yeye. Ningeweza kumwambia mwanangu amwulize mke wake kitandani na kuniletea namba. Nilikuwa na siku kumi na nne. Nilizitumia zote kuwaza jinsi lile benchi lilivyocheka.

Alhamisi tarehe 20 simu ililia nikiwa nachambua maharage ya mbegu. Sauti ilikuwa ya mtu wa hospitalini mjini.

"Mama, mgonjwa wenu wa tarehe mosi tumemsogeza mbele. Daktari anakwenda semina tarehe 29, atakaa wiki mbili. Mleteni Jumatatu alazwe, Jumanne tarehe 25 anafanyiwa."

"Wiki nzima kabla?"

"Wiki moja haina neno, mama. Kadi inasema atakuwa na wiki thelathini na nane. Ameiva."

Ameiva. Mimi ni mkulima. Najua mahindi yaliyoiva na najua yale ambayo mtu huyavunja mabichi kwa sababu ana safari. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa amekwisha kukata.

Jumatatu tarehe 24 tulimlaza. Alasiri alikuja daktari mwanamke, bado yuko mafunzoni, mpole, akasukuma kile kimashine cha kutazamia tumbo. Mimi niliambiwa nikae nje ya pazia. Nilisikia akipaka, akipima, akinyamaza, akipima tena. Kisha daktari wa upasuaji mwenyewe akapita.

"Dokta, mtoto anapima thelathini na tano."

"Kadi inasemaje?"

"Kesho thelathini na nane."

"Mimba ikikua hivi mashine hiyo hukosea hata wiki tatu. Mtoto mdogo tu huyo. Umewaona Wafipa wenyewe? Si watu warefu." Akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayetania mtani wake. "Fuata kadi."

Kadi na mashine zilipingana kwa wiki tatu kamili, na nje ya pazia, hatua mbili kutoka kwa daktari, alikuwa amesimama mtu mwenye ushahidi mfukoni wa kuonyesha kati ya hizo mbili ipi inasema kweli. Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko. Niliigusa karatasi. Daktari alitoka, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo mama," nami nikamwitikia marahaba, akapita.

Sikusema. Wauguzi wawili walikuwa wamesimama pale, na nilihofia kicheko.

Kesho yake saa nne na dakika kumi alizaliwa mtoto wa kiume. Alilia mara moja. Mwanangu, aliyekuwa amekuja alfajiri na thermosi ya uji wa ulezi, aliniambia, "Umesikia, mama? Ana sauti." Nilisikia. Nilikuwa pia nikisikiliza kilio cha pili, na hakikuja. Kilichokuja ni muguno mfupimfupi, kama wa mtu mzima anayenyanyua gunia. Walipita naye mbele yetu haraka. Niliona mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na mashimo ya pua yakipanuka kuliko uso wenyewe.

Katika wodi ya watoto wachanga kulikuwa na muuguzi wa makamo, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baada ya kumtia mtoto mipira ya oksijeni puani, alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aliishika miguu yake, mmoja mmoja, akaigeuza nyayo kwenye mwanga wa dirisha. Akalikunja sikio lake kwa kidole. Lilibaki limekunjika, kama jani lililonyauka, halikurudi.

"Nani kasema huyu ana thelathini na nane?" aliuliza.

"Kadi," nilijibu.

"Kadi," alirudia, basi. Kisha akaniita karibu. "Tazama, mama. Mtoto aliyetimia, unyayo wake una mikunjo mpaka kisiginoni. Huyu ana mistari miwili hapa mbele, nyuma kote laini. Huyu ni wa thelathini na tano. Mapafu yake yalikuwa bado kazini. Na hakupata uchungu wa kumkamua maji ya mapafuni. Sasa inabidi afanye peke yake kazi ambayo tumbo lingemfanyia bure."

Yaani ukweli ulikuwa umeandikwa kwenye nyayo zake. Muda wote ule tulipokuwa tunagombania karatasi, yeye alikuwa amelala na tarehe yake sahihi chini ya miguu, na hakuna aliyeweza kuisoma mpaka alipotolewa.

Siku ya pili, Jumatano tarehe 26, saa tisa alasiri, midomo yake ilibadilika rangi. Walileta mashine nyingine, ile inayosukuma hewa kwa nguvu. Wakati wanaifunga, muuguzi mwenye miwani alinitazama na kuuliza taratibu, "Mama, ninyi ni Wakatoliki?" Nikaelewa. Mama yake alikuwa bado hawezi kuinuka kitandani, baba yake alikuwa amekwenda kutafuta dawa, na padri alikuwa mbali. Nilimbatiza mimi, kwa maji yaliyochemshwa, kwa kizibo cha chupa, vidole vyangu vikipita katikati ya mipira. Nilitamka maneno yote kama yanavyopaswa. Lakini moyoni sikuwa nasali. Moyoni nilikuwa namtukana muuguzi mwenye vidole vya baridi, na karani, na semina, na benchi lile, na mwanamke aliyekuwa amesimama nje ya pazia na kalenda mfukoni. Sijui kama ubatizo wa namna hiyo unahesabika. Padri aliponiambia baadaye kwamba unahesabika, sikumweleza yote.

Mtoto hakufa. Sitaki msomaji ashikilie pumzi kwa ajili ya sanaa yangu. Mimi niliishikilia siku tisa na inatosha. Tarehe 1 Novemba, siku ambayo wao wenyewe walikuwa wameipanga hapo mwanzo, alikuwa bado na mashine, akinyweshwa kwa mpira matone ambayo ungeweza kuyahesabu. Tarehe 3 walimwondolea mashine ya hewa. Baada ya hapo mama yake alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga mbili, kutwa nzima, kama walivyoelekezwa akina mama wote wa chumba kile. Walikuwa saba. Niliwauliza mmoja mmoja. Wawili watoto wao walikuwa wametolewa kwa operesheni iliyopangwa. Niliomba kuziona kadi zao. Moja ilikuwa na tarehe kamili. Ya pili ilianza na moja. Sisemi hiyo ni takwimu. Nasema niliiona kwa macho yangu, na mwenye kadi hiyo hakuwa anajua kusoma, na nilishindwa kumwambia.

Daktari alirudi kutoka semina. Jumatatu tarehe 14 Novemba nilimsubiri kwenye ukumbi nikiwa nimevaa kitenge changu cha misa. Nilimkabidhi kalenda iliyonyooshwa na kadi ya mkwe wangu, na nikamweleza kuanzia tarehe 10 Januari bila kupandisha sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Nitamtendea haki: alisikiliza.

"Mama, mimi nilifuata kadi."

"Kadi haikujiandika."

"Ni kweli. Lakini na ninyi mngetuambia."

"Niliwaambia tarehe 11 Oktoba, kliniki."

"Kliniki si hapa, mama. Hapa mlilala tangu tarehe 24. Mimi nilipita. Nilikuamkia. Kwa nini hukunipa hii?"

Nikadai airekebishe tarehe kwenye kadi. Akasema kwamba kadi ya mimba imekwisha kazi, na aliyezaliwa amezaliwa. Akanirudishia vyote viwili kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa.

Nilitoka uani, ambako mkwe wangu alikuwa ameketi juani na mtoto wake kifuani. Nilimwaga yote mbele yake. Nilisema kwamba watu hawa wanatuona majani, kwamba mtu hawezi hata kumwuliza mwanamke tarehe ngapi, kwamba ingechukua muda gani kuuliza, dakika moja, nusu dakika. Nilisema kwamba siku ile kliniki sote watatu, na muuguzi, tulikuwa wajinga, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua tarehe.

"Mimi nilikuwa naijua, mama," alisema.

Alikuwa anaitazama kofia ya mtoto, akiivuta ifunike sikio.

"Ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukusema?"

Katika miaka yote aliyokaa kwangu hakuwahi kunijibu neno kama alilonijibu sasa, na sidhani kama alifurahia kulijibu.

"Ulikuwa umekaa, mama. Hapo pembeni yangu."

Hasira ina desturi ya kutafuta mlango ulio wazi. Nilitaka kumwambia kwamba ungenifinya, ungeandika kwenye kiganja, ungerudi baadaye. Yote hayo ni yale ambayo mimi mwenyewe, mtu mzima, msomi wa kidato cha nne, nilishindwa kuyafanya nikiwa na siku kumi na nne na mlango wa daktari wazi. Nikafunga mdomo. Yeye alikuwa amenyamaza kwa kuniheshimu. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Na kati ya heshima yake na kiburi changu palikuwa na mtoto aliyekosa wiki zake.

"Ilikuwa tarehe ngapi?" nilimuuliza mwishowe.

Akatikisa kichwa kidogo. Hata pale, baada ya yote hayo, haikuweza kumtoka. Nami sikumlazimisha.

Waliruhusiwa kesho yake, tarehe 15. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha, na mwanangu alikuwa ameanza kupanda mahindi peke yake.

Jumanne tarehe 6 Desemba mtoto alitimiza wiki sita, na ilikuwa siku ya kurudi kliniki, yeye na mama yake. Nilikwenda nao hadi mlangoni. Muuguzi alikuwa yuleyule, bila shuka sasa, kwa sababu ya joto. Aliniona, na nadhani alikumbuka, maana hakucheka.

"Karibu bibi, ingia nawe. Wewe ndiye msomaji."

"Mwenye mwili ni huyu," nilimwambia. "Muulize yeye. Ukimaliza kuuliza mwezi, uulize na tarehe. Mimi nakaa nje."

Kisha nikamwambia afunge mlango. Alisita, kwa sababu mlango ule haufungwi kamwe. Nikaufunga mwenyewe.

Niliketi kwenye benchi lilelile, katikati ya wanawake, mikono yangu mapajani, bila kadi ya kusoma. Ni kazi ngumu kuliko mtihani wa hesabu. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu aliniuliza kama mgonjwa wangu yuko ndani, nikasema ndiyo. Akauliza mbona siingii. Nikamwambia sijaitwa.

Mkwe wangu alitoka baada ya muda mrefu. Alinipa mtoto kwanza, kisha akanyoosha kadi ya zamani, ile ya mimba, niipokee.

"Wameikata ile moja, mama," alisema. "Wameandika nilivyowaambia."

Mtoto alikuwa amelala. Niliweka sikio langu karibu na pua yake, kama ninavyofanya hadi leo anapolala, ingawa sasa ananisukuma na kuniambia, bibi, unanitekenya. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila muguno. Nilimwambia mkwe wangu ile kadi aitunze yeye. Aliikunja akaitia kifuani. Sikuifungua siku ile, wala sijaifungua mpaka leo.